Maswali ya Wasomaji: Mji Ukihamwa, Anza Kisimani

Toleo hili tumewaachia wanaouliza kuhusu mahame. Barua zimetoka Lamu, Shela, Siyu, Watamu na Malindi mjini, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mji hufaje, na waliokuwamo huenda wapi? Tumechagua sita.

SWALI. Assalaam aleikum wahariri. Mwanangu yuko Kansas, Marekani, kimasomo. Juzi kaniletea picha za kijiji kilicho peke yake katikati ya mbuga: nyumba chache, kanisa, ukumbi wa mawe, na majani yaliyolazwa na upepo. Ananambia kilijengwa na watu weusi waliotoka utumwani, jina lake Nicodemus, na kwamba zamani ulikuwa mji wenye maduka. Nilipoziona picha nikaikumbuka Takwa, mahame yetu ya kisiwa cha Manda. Sisi twajua bahari na chumvi. Huko kulikuwa na nini cha kuua mji? – Mama wa Langoni, Lamu

JIBU. Aleikum salaam, mama yetu. Kulikuwa na reli, na reli ilipita pengine.

Nicodemus ulianzishwa mwaka 1877, miaka 12 tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha na utumwa kupigwa marufuku Marekani. Wengi wa walowezi wa kwanza walitoka jimbo la Kentucky, wakivutwa na matangazo yaliyowaahidi ardhi na uhuru. Sheria ya ardhi ya mwaka 1862 ilimruhusu mtu kupata ekari 160 za serikali kwa ada ndogo, kwa sharti akae juu yake na kuilima miaka 5. Walipofika walikuta majani mpaka upeo wa macho. Miti ya kujengea ilikuwa haba mno, kwa hiyo wakajenga kwa kuchimba: shimo ubavuni mwa mwinuko, magogo machache juu, kisha mabonge ya udongo yaliyokatwa pamoja na mizizi ya majani yake. Majira ya baridi ya kwanza chakula kiliwaishia, na wawindaji wa kabila la Osage waliokuwa wakirudi mawindoni wakawagawia nyama.

Katikati ya miaka ya 1880 mji ulikuwa na makanisa, shule, maduka, hoteli, na magazeti mawili. Kilichobaki kilikuwa njia ya kuisafirisha ngano. Ngano ni mzigo mzito wenye bei ndogo. Mkulima akiipakia kwenye gari la farasi, kila kilomita inakula faida yake. Ndiyo maana makampuni ya reli katika mbuga zile yalipanda vituo mfululizo, mara nyingi kilomita 10 hadi 16 kati ya kimoja na kingine, ili mkulima aende, auze na arudi kwake siku ile ile. Mji uliopata kituo ulipata ghala refu la nafaka, benki na soko. Uliokosa ukawa umbali wa bure kati ya miji mingine.

Nicodemus ulikosa. Mwaka 1888 njia iliyotarajiwa haikufika, na reli iliyojengwa ilipita kusini, ng'ambo ya mto Solomon. Mahali pa kambi ya wajenzi wa reli pakawa mji wa Bogue, na wafanyabiashara wa Nicodemus wakahamia huko. Wapo waliohama na majengo yao, maana nyumba ya mbao huinuliwa ikaburutwa. Hilo ndilo linalomshangaza mtu wa Pwani akiyatembelea mahame ya mbuga zile: magofu hayapo. Mbao zimehamishwa, zimeuzwa au zimechomwa. Kilichobaki ni msingi, shimo la ghala la chini, na kichaka cha maua ya lilaki kilichopandwa mlangoni na mwenye nyumba. Anayetafuta viwanja vya zamani huko huangalia lilaki kama sisi tunavyoangalia mbuyu.

Baada ya reli ukaja ukame na tufani za vumbi za miaka ya 1930. Posta ya Nicodemus ilifungwa mwaka 1953. Ukitaka kusoma kifo cha mji wa mbuga, fuata mpangilio wake: gazeti na duka hutangulia, shule hufuata watoto wakipungua, na posta hukaa mpaka karibu na mwisho. Posta ikifungwa jina la mji hutoka kwenye anwani, kisha hutoka kwenye ramani.

Mwambie mwanao, hata hivyo, kwamba Nicodemus haujafa kabisa. Tangu mwaka 1996 ni eneo la kihistoria la taifa, na kila mwaka mwishoni mwa Julai wajukuu wa walowezi hurudi kutoka miji mbalimbali kuadhimisha uhuru wao. Hapo ulipoikumbuka Takwa umeona vyema: watu wa Shela nao huvuka mara kwa mara kwenda kuomba mvua kwenye kaburi la Takwa, kwenye mji ambao wazee wao waliuacha yapata mwaka 1700.

SWALI. Ndugu wahariri, nafundisha historia karibu na Watamu na kila mwaka nawapeleka wanafunzi kwenye mahame ya Gede. Kila kitabu kina sababu yake ya mji ule kuhamwa: Wareno, Waoromo, ukame, maradhi. Wanafunzi hutaka jibu moja. Niwape lipi? – Mwalimu, Watamu

JIBU. Mwalimu wetu, wapeleke kwanza kisimani, kile kilicho nje ya msikiti mkuu. Waliokichimbua waligundua kuwa kisima hicho kiliongezwa kina baada ya kujengwa. Watu hawarudii kazi ya kuchimba mwamba kwa burudani. Maji yalikuwa yameshuka.

Gede iko kama kilomita 16 kusini mwa Malindi, na haikukaa ufukweni kama miji mingine ya Waswahili. Imekaa ndani, juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Mwamba huo una matundu, mvua hupita upesi, na maji matamu hukaa chini yakielea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi. Hapa kuna hesabu inayofaa kuandikwa ubaoni. Kwa kila mita 1 ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna takriban mita 40 za maji matamu. Geuza hesabu: kina cha juu kikishuka nusu mita tu, mpaka wa chumvi hupanda kama mita 20. Mvua zikipungua miaka kadhaa, au watu wakichota kuliko kinachoingia, chumvi hutokea chini na mchimbaji akizidisha kina huifuata mwenyewe. Visima vya karibu na bahari huonja chumvi kwanza, wakati wa kiangazi, na masika huficha tatizo kwa miezi michache. Ndiyo maana mji haushtuki mapema.

Maji peke yake hayatoshi kueleza kila kitu. Mwaka 1589 Wazimba, wapiganaji waliotoka upande wa Zambezi na kwisha kuitikisa Mombasa, walielekea Malindi, wakashindwa na watu wa Malindi wakisaidiwa na Wasegeju. Kisha Mombasa nayo ikaanguka mikononi mwa Wasegeju, na mwaka 1593, Wareno walipoanza kuijenga Ngome ya Yesu, wakamhamisha sheikh wa Malindi wakamweka Mombasa. Fikiria maana yake kwa mji mdogo wa jirani: mtawala kaondoka na walinzi wake, wafanyabiashara na meli zao. Katika miaka hiyo hiyo na iliyofuata Waoromo, ambao watu wa Pwani waliwaita Wagala, walikuwa wakishuka kusini, na mashamba ya bara hayakulimika tena kwa amani. Mji wenye kisima kizuri na jirani mwenye nguvu ungestahimili. Gede ilikuwa imepungukiwa na vyote viwili.

Ushahidi wa mji kusinyaa unaonekana kwa miguu. Ukuta wa nje unazunguka ekari 45. Ndani yake kuna ukuta mwingine wa baadaye, unaozunguka eneo dogo la msikiti mkuu, kasri na nyumba za wakubwa. Gede iliwahi kuachwa karne ya 16, watu wakarudi, lakini waliorudi hawakuweza kuujaza mji wa wazee wao. Mwanzoni mwa karne ya 17 wakaondoka moja kwa moja.

Waonyeshe pia majina ya nyumba. James Kirkman, aliyechimbua kati ya mwaka 1948 na 1958, alizipa nyumba majina ya vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, ya Sanduku la Pembe, ya Taa ya Chuma, ya Fedha za Kichina. Wanafunzi hudhani hayo ni majina ya kale. Hata "Gede" lenyewe ni jina la baadaye, la Kioromo, husemwa maana yake ni kitu cha thamani. Na mkumbushe anayetoka Malindi mjini akiiona Gede kama ajabu ya mbali: Malindi yenyewe ilikuwa mahame kwa miaka mingi. Katikati ya karne ya 19 ilikuwa msitu juu ya magofu, mpaka Sultani Majid wa Zanzibar alipoleta watu miaka ya 1860 na mashamba yakafunguliwa upya.

SWALI. Wahariri, mimi ni kijana wa Siyu. Nyuma ya shamba letu kuna kuta mbili, kisima kilichofukiwa nusu na vigae vingi. Wazee wasema ni mji. Nataka kuandika historia yake. Naanzia wapi, na ni kweli mji wa Shanga ulijengwa na Wachina? – Kijana wa Siyu, Pate

JIBU. La Wachina tulimalize kwanza. Shanga ulichimbuliwa miaka ya 1980 na mwanaakiolojia Mark Horton. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta misikiti mingine iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, na ya chini kabisa ilikuwa ya miti. Mji ulianza karne ya 8 na kuhamwa yapata mwaka 1425. Merikebu za Zheng He, amiri wa bahari wa Kichina, zilifika pwani hii karne ya 15, mji ukiwa na umri wa zaidi ya miaka 600. Kauri za Kichina zimo, kama zilivyo katika miji yote yetu, lakini zililetwa na biashara. Jina kufanana na Shanghai si ushahidi wa lolote. Na kwenu Siyu wapo wanaojinasibisha na Shanga. Ukitafuta waliotoka katika mji ule, huna haja ya kuvuka bahari.

Sasa mahame yako. Nenda kiangazi, Januari hadi Machi, vichaka vikiwa vimenyauka; masika utapita juu ya ukuta usiuone. Chukua daftari, penseli (wino huchuja ukilowa jasho), futi ya kamba ya mita 30, dira, na kijiti ulichokipiga alama kila sentimita 10 ili kionekane kwenye kila picha. Picha isiyo na kipimo humdanganya hata aliyeipiga.

Anza kisimani. Pima upana wa mdomo na kina mpaka kwenye kifusi, tazama kama kimejengewa mawe au kimechongwa mwambani, na upapase ukingo: michirizi laini iliyozama jiweni ni kazi ya kamba, na wingi wake hukuonyesha upande waliosimama wachotaji. Kisha tafuta msikiti, maana mara nyingi msikiti ulijengwa kwa mawe hata pale nyumba zilipokuwa za udongo na makuti. Lamu na Pate zina bahati katika hili: Makka iko karibu kaskazini barabara, inaelekea magharibi kidogo sana. Jengo la mstatili lenye kibla ukuta wa kaskazini ni msikiti. Makaburi nayo urefu wake utaelekea mashariki na magharibi. Ukikuta kaburi lililolala kaskazini na kusini, liandike kwa uangalifu na uulize zaidi kabla ya kusema ni la nani.

Halafu jaa. Kila mji ulitupa taka upande fulani, na jaa hujulikana kwa udongo mweusi wa majivu, makombe na mifupa ya samaki. Hapo ndipo vigae vinaposema. Chukua kimoja kiganjani, kigeuze, tazama ukingo uliovunjika: rangi ya udongo wa ndani ina habari kuliko rangi ya juu. Chungu cha kienyeji chenye pembetatu zilizochorwa shingoni ni cha zamani sana, karne ya 7 hadi ya 10. Kipande kinene, udongo wa njano hafifu unaochubuka kwa ukucha, chenye rangi ya kung'aa ya buluu na kijani, kimetoka Ghuba ya Uajemi, cha karne ya 8 hadi ya 10. Chenye mistari iliyokwaruzwa chini ya rangi ya njano, kijani au kahawia huwa cha karne ya 11 hadi ya 13. Cha njano chenye michoro myeusi kilitoka Yemen, karne ya 14. Kauri ya Kichina ya kijani, nzito, ndani ya kijivu, kama maji ya bahari penye kina kifupi, mara nyingi ni ya karne ya 14 na 15. Nyeupe yenye maua ya buluu huzidi kuanzia karne ya 15 na 16, lakini hapa wengi hukosea, kwa sababu sahani za kiwandani kutoka Ulaya za karne ya 19 nazo ni nyeupe zenye buluu. Ya Ulaya kwenye ukingo ni kama chaki; ya China ni ngumu, inang'aa kama kioo kilichovunjika.

Kigae kimoja hakitoi tarehe ya mji. Hesabu aina zote katika eneo la mita 5 kwa 5, rudia pembe nyingine ya mji, linganisha. Aina iliyo ya mwisho kabisa kwa wakati ndiyo inayokaribia mwaka wa kuhamwa.

Piga picha pande zote mbili na ukingo, kisha kirudishe pale pale. Usichimbe hata kwa mkono. Si suala la sheria tu, ingawa sheria ipo: Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inataka kibali kwa anayechimba, na anayegundua kitu atoe taarifa. Kigae kikitoka kwenye tabaka lake kinabaki kipande cha sahani. Peleka makumbusho ya Lamu daftari na picha, uache vitu mahali pake.

Kuhusu wazee: usiulize "mji huu ulijengwa na nani?" Utaambiwa ni Washirazi, watu wa Uajemi, na pengine ndiyo habari yote utakayopata. Uliza jina la kisima, jina la kila kipande cha shamba, nani alizikwa wapi, ukoo gani hukatazwa kulima hapo, nani alikwenda kuzuru na mwezi gani. Wahoji watu watatu mbalimbali, kila mmoja peke yake, kwa sababu wakikaa pamoja mmoja husema na wawili huitikia. Andika maneno yao kama walivyoyasema, kwa Kisiyu chao. Ukiyageuza kuwa Kiswahili cha shule utapoteza jina la mahali lililojificha ndani ya neno.

SWALI. Kuna kaburi lenye maandishi ya Kiarabu karibu nasi. Ustadhi mmoja asoma mwaka huu, mwingine mwaka ule, wakipishana miaka 20. Nani wa kuaminiwa, na mwaka wa Hijria hugeuzwaje? – Msomaji, Barani, Malindi

JIBU. Huenda wote wawili wasoma sawasawa kile kilichobaki. Kwenye makaburi mengi mwaka umeandikwa kwa maneno: mamoja kwanza, kisha makumi, kisha mamia. Nukta zikilika na mvua, saba na tisa (*sab'a* na *tis'a*) hufanana kabisa, na sabini na tisini vilevile. Tofauti ya miaka 20 mnayobishania ni hasa ile ya sabini na tisini. Kama mwaka ni wa tarakimu, hatari iko kwa 2 na 3 zilizopoteza jino, na kwa sifuri, ambayo ni nukta tu.

Nendeni pamoja alfajiri au jua likishuka, mwanga ukilala juu ya jiwe, au usiku kwa tochi iliyowekwa ubavuni mwa maandishi, si mbele yake. Vivuli vitaonyesha shimo la nukta lisiloonekana mchana. Msipake chaki, mkaa wala mafuta, na msisugue kwa brashi ya waya. Mara moja tu inatosha kumaliza nukta iliyobaki.

Kugeuza: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, ongeza 622. Kaburi la Gede lenye tarehe ni la mwaka 802. Mara 0.97 ni 778, ongeza 622, unapata 1400. Kwa hesabu kamili mwaka 802 ulianza Septemba 1399, ndiyo maana utaona vitabu vikiandika 1399. Njia fupi inaweza kupishana mwaka mmoja, kwa hiyo ukiandika, weka miaka yote miwili pamoja na Hijria yenyewe. Kosa la kawaida ni kujumlisha 622 bila kuzidisha, na hapo 802 huwa 1424, robo karne nzima mbele.

SWALI. Nyumba ya marehemu babu, Mkomani, imekaa tupu miaka 12. Fundi aliipiga lipu ya saruji ikapendeza, sasa lipu yabanduka vipande na jiwe ndani limekuwa unga. Naogopa itakuwa gofu machoni mwetu. – Mjukuu, Lamu

JIBU. Kilichotokea ni hiki. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia lipu yake. Saruji ni ngumu na huziba. Unyevu ukikosa pa kutokea hubaki ndani na chumvi yake. Chumvi huganda kwenye matundu ya jiwe, hutanuka na kulisaga. Lipu haikubanduka kwa kupigwa vibaya. Ilijibandua na uso wa ukuta.

Usianze na ukuta, anza na paa. Magofu yote ya Pwani yalianzia juu: dari hupasuka, maji hufika vichwa vya boriti vilivyozama ukutani, boriti huoza pale pasipoonekana, na dari zito la mawe na chokaa hushuka lote kwa siku moja. Vyumba vyetu vina upana wa mita 2.5 hadi 2.8 kwa sababu huo ndio urefu ambao boriti ya mkoko hubeba dari hilo. Gonga kila boriti karibu na ukuta. Inayolia bubu imekwisha, tegemeza chini yake leo kabla ya kufanya jingine. Fungua makopwe ya kutolea maji ya mvua. Mitini mwitu iliyopandwa na ndege na kwisha kushika mizizi ikatwe usawa wa ukuta na kisiki kiuliwe, isivutwe, maana mizizi hutoka na mawe.

Kisha ondoa saruji polepole kwa patasi, pale inapolegea. Tumia chokaa ya kuchoma iliyozimwa na kulowekwa chini ya maji wiki 4 au zaidi. Ikikaa miezi huwa laini kama siagi na haipasuki. (Ukizima mwenyewe, tia chokaa kwenye maji kidogo kidogo, kamwe usimwagie chokaa maji, na ufunike macho.) Sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga uliochungwa. Mchanga wa ufukweni usitumike, una chumvi ile ile unayoikimbia. Ziba mashimo kwa vipande vya matumbawe na chokaa, lowesha ukuta, piga tabaka lisilozidi sentimita 1, acha likaze siku kadhaa, ndipo la pili. Funika kwa magunia mabichi siku 5 hadi 7. Chokaa hukaza kwa kuvuta hewa taratibu. Jua kali na upepo wa kaskazi huikausha kabla haijakaza, nayo hubaki vumbi. Fundi akikwambia ataongeza "saruji kidogo ishike haraka", tafuta fundi mwingine.

Na nyumba ipate mtu, hata wa kufungua madirisha na kufagia paa kila wiki. Mche wa mtini ukionekana wiki ya kwanza, kabla haujashika, hung'olewa kwa vidole viwili.

SWALI. Twataka kwenda Takwa na watoto. Mara iliyopita nahodha alitugeuza njiani, maji yamekwisha. Twende saa ngapi? – Baba wa watoto wanne, Shela

JIBU. Mkono wa bahari uingiao Takwa umezungukwa na mikoko na hupitika maji yakijaa tu. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na yakitoka hubaki tope.

Tumia tarehe za mwezi wa Kiislamu. Mwezi mwandamo na mwezi kumi na tano, maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Kwa familia, siku nzuri ni tarehe 11 hadi 13 na 26 hadi 28, ambapo kujaa huangukia saa saba hadi saa nane na nusu mchana na maji yana kina cha kutosha. Tarehe 7 na 8, au 22 na 23, maji hujaa asubuhi lakini ni maji mafu, hayapandi sana. Chombo kizito kitagusa. Ingieni saa moja na nusu kabla ya kujaa, na mwe mmepanda tena chomboni saa moja na nusu baada yake. Mkubaliane na nahodha kabla ya kutweka, yeye aujua mlango ule kuliko hesabu yetu.

Chukueni maji ya kunywa. Ndani, waonyesheni watoto msikiti wenye nguzo juu ya kibla, na kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwanzo wa miaka ya 1680. Humo ndani ni makaburi ya wazee, watoto wasipande juu ya kuta. Wakiuliza kuhusu majini walinzi, wazee wetu wa Shela na wa Gede wamesema yapo tangu zamani, na mawe mengi yamebaki mahali pake kwa sababu hiyo. Kisha washukeni upande wa pili wa mji mpaka ufuo wa bahari kuu, ni mwendo mfupi, huku mmoja wenu akibaki anaangalia maji kwenye mizizi ya mikoko. Yakiacha mstari mbichi wa upana wa kiganja, rudini chomboni.